Mtulinga Ukivunjika, Je, Mtoto Apasuliwe?



Kijana wa miaka 14 ameanguka mpirani. Anarudi nyumbani akiwa ameshikilia mkono mmoja kwa mkono wa pili, bega limeshuka, na hataki kuguswa. Hospitali wanapiga picha ya eksirei na kusema mtulinga umevunjika, yaani ule mfupa mwembamba unaotoka juu ya kifua, chini ya shingo, hadi begani.

Hapo ndipo mabishano huanza nyumbani. Baba anataka mtoto awekewe chuma ili apone upesi. Bibi anataka akandwe kwa maji ya moto na kunyooshwa. Mama amesimama katikati, na ada ya shule bado haijalipwa. Tuyatazame mambo haya kwa utulivu.

Kwanza, usishangae mtoto akirudishwa nyumbani bila plasta. Mfupa huu hautiwi plasta kama wa mguu. Dawa yake kubwa ni kombeo, yaani kitambaa kinachoning'iniza mkono shingoni, pamoja na dawa ya maumivu. Bandeji ile ya kupita nyuma ya mabega yote mawili bado hutumika mahali pengine, lakini haiponyi kuliko kombeo, na wengi huona inawabana kwapani.

Je, upasuaji? Mwaka 2007 uchunguzi wa Kanada uliohusu watu 132 wa miaka 16 hadi 60 ulionyesha kuwa waliowekewa bamba la chuma na skrubu waliunga mifupa vizuri zaidi kuliko waliovaa kombeo. Baada ya hapo vijana wadogo nao wakaanza kupasuliwa kwa wingi. Lakini mfupa wa kijana si sawa na wa mtu mzima. Bado unakua, utando unaoufunika ni mnene, na una uwezo wa kuunga na kujinyoosha wenyewe. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi wa Marekani kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 18 ambao vipande vya mfupa vilikuwa vimeachana kabisa. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa hawakutumia mikono yao vizuri kuliko wale wa kombeo. Mifupa iliyokataa kuunga ilikuwa michache sana kwa pande zote mbili.

Upasuaji nao una gharama zake mbali na fedha. Huacha kovu, ngozi iliyo chini ya kovu huweza kufa ganzi, chuma huweza kusumbua chini ya ngozi, na wengine hurudi kupasuliwa tena ili kitolewe.

Hata hivyo, kuna wakati upasuaji ni wa lazima. Mkimbize mtoto hospitali iwapo mfupa umetoboa ngozi, au umeisukuma ngozi hadi imekuwa nyeupe na kukazana. Iwapo mkono ni wa baridi, umebadilika rangi au umekufa ganzi. Au iwapo anapumua kwa shida. Hayo hayangoji asubuhi.

Mama mmoja aliniletea karatasi ya gharama za upasuaji wa mwanawe wa miaka 13. Alikwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wake wa maziwa. Nilimshauri arudi kwa daktari na maswali matatu: Je, ngozi, mishipa ya damu na ya fahamu ni salama? Tukitumia kombeo, ni hatari gani tunaiogopa? Tukipasua, mtoto atapata faida gani ambayo kombeo haitampa? Daktari mwema hachukii kuulizwa. Mtoto yule alivaa kombeo, na ng'ombe akabaki zizini.

Nyumbani fanya hivi. Mlaze mtoto ameegemea mito, nusu ameketi, hasa wiki ya kwanza. Achezeshe vidole na kiwiko kila siku visije vikakakamaa. Avae mashati ya vifungo, na mkono ulioumia uingizwe kwanza. Usiruhusu kukandwa wala kuvutwa, kwa maana vipande vikali viko karibu na mishipa mikubwa ya damu. Kombeo huvaliwa kwa wiki 3 au 4 hivi. Asirudi mpirani wala asibebe ndoo mpaka daktari aridhike, mara nyingi baada ya miezi 2 au 3, hata kama maumivu yameisha.

Baada ya wiki chache utaona kinundu pale palipovunjika. Usiogope. Ni mfupa mpya unaounga, na kwa mtoto anayekua hupungua kidogo kidogo kwa miezi mingi. Binti akikionea haya, mweleze hivyo bila kumcheka.

Uvumilivu wa wiki chache mara nyingi hutosha kuliko kisu. Tuonane mwezi ujao, panapo majaliwa.