Halali peke yake haitoshi, tuulize na usafi



Muislamu akikaa mgahawani, swali lake la kwanza huwa: "Nyama hii kachinja nani?" Ni swali la haki, tusiliache. Lakini ni wangapi kati yetu huuliza mpishi ananawa wapi atokapo chooni? Katika Suratul-Baqara, aya ya 168, halali imetajwa pamoja na twayyib, yaani kilicho chema na safi. La kwanza tumelishika, la pili tumelisahau.

Hapa Bungu, kando ya barabara ya Kilwa, kuna mgahawa umeweka viti vya nje chini ya mwembe. Nilikwenda kula hapo baada ya swala ya adhuhuri. Wali wa nazi ulikuja ukifuka moshi, na samaki alitoka kwenye mafuta akaja moja kwa moja mezani. Kukaa nje nako kuna faida: hewa inapita, hivyo vijidudu vya mafua na kifua kikuu havituami kama ndani ya chumba kilichofungwa. Hayo nayasifu.

Lakini ya kunawia ilikuwa beseni moja, maji yale yale, na taulo moja kwa wateja wote. Kachumbari ilikuwa wazi, nzi wakitua. Nilikula vya moto, kachumbari nikaiacha, kisha nikamweleza mwenye mgahawa faraghani na kwa upole.

Ndugu msomaji, nzi hutoka chooni akatua kwenye sahani, na miguuni amebeba uchafu. Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo kilichoingia humo unakila kikiwa hai. Beseni la pamoja nalo humpa wa mwisho uchafu wa waliomtangulia. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hizo. Rufiji tunakijua kipindupindu tangu mlipuko wa 1977, na ule ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi.

Wako watakaosema mama ntilie hana mtaji. Hoja hiyo siikubali. Kibuyu chirizi ni dumu la lita 5 lililotobolewa, kamba na kijiti cha kukanyagia. Ongeza kipande cha sabuni na kawa la kufunikia chakula. Na sisi wateja tuna wajibu: tukinyamaza, tumeridhia.

Basi ukienda kula, tazama haya:

1. Maji ya kunawa yatiririke, na sabuni iwepo.
2. Chakula kiwe cha moto. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Wali uliolala nje huweza kuwa na sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi.
3. Kachumbari na matunda vifunikwe.
4. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa.

Akiharisha mtu nyumbani, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa. Kisha mwahi kituo cha afya, hasa akiwa mtoto.

Mtume (s.a.w.) alituamrisha kufunika vyombo vyetu. Sunna hiyo haikuishia majumbani. Tuidai na kwenye migahawa tunayoilipa.

Wabillahi tawfiq.