Programu ya simu haisahihishi kosa isiloliona

Muhula huu ulipoanza, sisi wazazi wa shule moja ya sekondari jijini Dar es Salaam tuliletewa barua ya ukurasa mmoja. Kipindi cha jioni cha hisabati kwa kidato cha kwanza na cha pili kimefutwa. Badala yake kila mwanafunzi apakue kwenye simu ya mzazi programu ya aljebra na jiometri, ilipiwe kila mwezi, na akikwama nyumbani aulize humo. Barua inauita uamuzi huu maendeleo. Mimi nauita kuwatelekeza watoto.

Utetezi wake unajulikana. Walimu wa hisabati ni wachache, madarasa yamejaa, na programu haichoki wala haigombezi. Hata saa nne usiku ipo. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba masomo ya mtandaoni na ya runinga yamewafaa wengi. Kipindi cha runinga cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa mwaka 2014, kimewafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili na wakaifurahia, na Shule Direct imewafikishia wanafunzi wa sekondari masomo yanayofuata mtaala wao. Kazi hizo naziheshimu. Ninachokipinga ni shule kuchukua kitu cha nyongeza na kukiweka mahali pa mwalimu.

Tuutazame mlinganyo huu: 3(x − 4) = 2x + 5. Mtoto wa kidato cha pili anafungua mabano, anaandika 3x − 4 = 2x + 5, anahamisha, anapata x = 9. Mwalimu anayepita nyuma yake hashughuliki na ile 9. Jicho lake linakwenda kwenye mstari wa pili, linaona 4 imebaki 4, na papo hapo anajua kwamba mtoto huyu anaamini 3 iliyo nje ya mabano inamhusu x peke yake. Anamwambia: hebu irudishe 9 yako kwenye mlinganyo wa mwanzo. Kushoto inakuja 15, kulia 23. Mtoto anaona mwenyewe kwamba pande hazilingani, anarudi nyuma kutafuta, anaifikia 12, anapata 17. Akihakiki tena, kila upande ni 39. Zimepita dakika chache tu, na kosa limeng'olewa na mwenye kosa.

Sasa swali hilohilo aipelekee programu. Anapiga picha, jibu linatokea: 17, na hatua zake zimepangwa vizuri mstari kwa mstari. Hakuna palipokosewa, ila hatua hizo si za mtoto. Programu haikumuuliza ameandika nini, kwa hiyo haijui habari ya ile 4. Ananakili, daftari linapata vema, na anachokiamini kuhusu mabano kimebaki vilevile. Kesho akipewa 5(y − 2) = 3y + 4 ataandika 5y − 2, na jibu lake litakuwa 3 wakati jibu sahihi ni 7. Kwenye chumba cha mtihani hakuna simu ya kumwokoa.

Kwenye jiometri hali ni mbaya zaidi, maana mara nyingi kosa halipo hata kwenye hesabu. Mwanafunzi ana pembetatu yenye pande mbili za sentimita 6 na 8. Anatumia Kanuni ya Pythagoras, anapata 10. Amezidisha sawasawa, amejumlisha sawasawa. Lakini swali halikusema popote kwamba pembetatu hiyo ina pembe mraba. Yeye ameukisia mchoro kwa macho. Kwa pande hizo, upande wa tatu unaweza kuwa na urefu wowote kati ya sentimita 2 na 14. Anayefuatilia kazi yake atamuuliza: nani kakwambia pembe hii ni mraba? Kujifunza jiometri ni kujifunza kujiuliza swali hilo kabla ya kugusa kanuni yoyote.

Wanaotutolea mfano wa Khan Academy, ya masomo ya video mtandaoni, wakumbuke ilikotoka. Mwaka 2004 mwanzilishi wake, Salman Khan, akiwa Boston, alianza kumfundisha binamu yake Nadia, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa New Orleans na aliyetatizwa na kubadili vipimo. Walizungumza kwa simu huku wakiandika kwenye kompyuta, kila mmoja akiona anachoandika mwenzake. Video zilifuata baadaye, ndugu na marafiki waliotaka msaada walipoongezeka. Jambo lote lilianza na mtu mmoja aliyeiona kazi ya mtoto mmoja, na hicho hasa ndicho shule yetu imekifuta.

Tena thamani ya jibu lililokosewa si siri hapa nchini. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, likiambatanisha sampuli za majibu mabovu kama yalivyoandikwa, ili walimu wajue wanafunzi wanajikwaa wapi. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, waliofaulu hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Uongozi wa shule unayajua haya. Unajua somo hili linavyowaangusha vijana, unajua makosa yanavyoota mizizi kidato cha kwanza na cha pili, na bado umemwondoa mtu pekee aliyekuwa akiyaona yakiwa bado machanga. Posho ya mwalimu wa jioni ilitoka shuleni. Malipo ya programu yanatoka kwa mzazi, na bando juu yake. Kama tatizo ni fedha, barua ingesema fedha, nasi tungekaa kikao tukachangishana. Kutuambia kwamba watoto wetu wameongezewa huduma ni kutudanganya, na kwa mzazi ambaye simu yake ni ya kitochi ni kumtukana.

Ninachodai hakihitaji bajeti kubwa. Kipindi cha jioni kirudi, hata mara mbili kwa wiki, na programu ibaki kuwa ya mazoezi kwa anayeimudu. Usiku, mwenye simu apige picha ukurasa wa daftari lake na makosa yake yote, amtumie mwalimu kwa WhatsApp. Mwalimu auzungushie duara mstari uliokosewa, asiandike jibu, aurudishe. Kazi hiyo ilipwe, kwa sababu ni kufundisha.

Na bodi ya shule, kabla ya kusaini tena mkataba na muuzaji yeyote wa programu, imwekee mezani mlinganyo ule wa mabano ukiwa na kosa la 4, imtake aonyeshe programu yake inamwambia nini mtoto. Ikiwa haiwezi kuonyesha mstari uliokosewa, bodi isisaini.