Hadithi zipo stendi, wewe umejifungia ndani!

Mimi hapa Korogwe naendelea na libeneke, jua kali, machungwa bwerere.

Wiki hii nina maneno na nyie mnaoandika hadithi, au mnaotaka kuandika. Najua mpo kibao. Nina mshikaji wangu pale Manundu ana hadithi kumi na moja kwenye simu yake na hajamaliza hata moja. Ukimuuliza vipi, anajibu, "Mwanangu, mawazo hayaji." Nikamwomba nisome mbili. Ya kwanza jambazi anaruka kutoka kwenye helikopta huko Miami. Ya pili tajiri wa Masaki anamfumania mkewe kwenye bwawa la kuogelea. Jamani! Masaki kwenyewe hajafika, na kuogelea alikokujua ni Mto Pangani tu, tena zamani, kabla mama yake hajampiga marufuku kwa ajili ya mamba.

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Mtu anaishi mji unaopitiwa na mabasi ya Arusha, Moshi na Lushoto, bado analia hana la kuandika. Wenzetu wa Tanga mjini wana usemi wao, waja leo waondoka leo. Sisi Korogwe waja saa sita, waondoka saa sita na robo. Katika hiyo robo saa binadamu anafanya vituko vyote: anakula, anagombea chenji, anadanganya.

Mimi mawazo yakikauka nakwenda stendi. Nanunua chungwa, nakaa karibu na mama mmoja mwenye beseni, nafunga mdomo. Juzi dada mmoja kateremka kwenye basi la kutoka Dar, kajitanda mtandio mzuri, simu sikioni. "Ndo kwanza naingia Chalinze, mtandao unasumbua," anasema, huku anamenyewa chungwa la Korogwe! Kutoka Chalinze mpaka hapa ni mwendo wa saa kadhaa. Mama wa beseni akaninong'oneza, "Huyo kuna mtu anamkimbia." Mpiga debe akadakia, "Wapi! Kuna mtu anataka amkute hajajiandaa." Wakabishana mpaka basi likaondoka. Mimi sikuhitaji zaidi. Hadithi ilikuwa pale, kati ya Chalinze ya kwenye simu na Korogwe ya kwenye chungwa, na hakuna helikopta hata moja.

Halafu kitu kimoja, usiende na daftari. Ukitoa daftari na kalamu wanadhani wewe ni mtu wa ushuru, utaona mabeseni yanavyohama. Simu ndiyo mpango mzima. Jiandikie meseji mwenyewe, watu watajua unachati na demu wako.

Ukichoka stendi, nenda kijiwe cha kahawa. Vijana tunavikwepa vijiwe vya wazee, tunasema ni siasa na bao tu. Kaa uone. Mzee mmoja, Mmanyema kwa asili, alinieleza jinsi baba yake alivyotoka Kigoma kuja kukata mkonge. Walikuwa wakiitwa manamba, maana ukiandikishwa unapewa namba. Wengine walitoka Njombe, Burundi, mpaka Msumbiji. Mkonge wenyewe ni mgeni hapa nchini. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kwa hiyo mashamba yote unayoyaona dirishani ukipita na basi, mistari mpaka macho yanauma, kilimo chake kilianza na hiyo miche 62, pamoja na watu walioitwa kwa namba. Mzee akasema baba yake namba yake aliikumbuka mpaka anakufa, mwaka wake wa kuzaliwa hakuujua. Sasa niambie, hiyo na jambazi wa Miami ipi kali?

Na msidhani mchezo huu nimeubuni mimi. Abdallah bin Hemedi, yule aliyeandika Habari za Wakilindi, aliishi kwa Semboja pale Mazinde, mbele ya Mombo, njia hiyohiyo ya mabasi. Semboja alikuwa mtoto wa Kimweri, mfalme wa Usambara aliyefariki mwaka 1862, na aliijenga Mazinde bondeni makusudi kwa sababu misafara ya biashara ilikuwa inapita. Kwa lugha yetu, ilikuwa stendi! Abdallah akawa hapo, mengine akayasikia kwa wazee, mengine akayaona kwa macho yake. Ndiyo maana leo tunajua habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka milima ya Nguu akafanywa mfalme na Wasambaa. Kitabu kilichapwa upya mwaka 1962. Kitafuteni maktaba, Kiswahili chake kitamu kama kashata.

Tatizo moja ndilo gumu, nalo ni hili. Maneno unayookota ni ya watu, na Korogwe yetu hii ndogo. Ukiandika "mke wa fundi saa wa sokoni", hata usipotaja jina umeshavunja nyumba. Mimi jina natoa, kazi nabadilisha, mtaa nahamisha. Na mtu akiniambia "hili usiliandike", siandiki, hata kama ni bomba namna gani.

Lakini kuna mama mmoja pale stendi aliniambia kinyume chake. Kila basi la kutoka Dar likiingia, yeye wa kwanza dirishani, bidhaa kichwani. Wenzake wanadhani anawahi wateja. Siku moja nikamwamkia, nikamwambia, "Mama wewe una mbio!" Akacheka, akanikalisha. Mwanawe wa kiume alipanda basi la Dar miaka sita iliyopita na mpaka leo hajapiga simu. Waligombana usiku wa kuamkia safari, kwa jambo dogo tu. Hatazami wateja yule mama, anatazama viti.

Nikamweleza kwamba naandika gazetini, na kwamba nikitaka naweza kunyamaza. Akafikiri, akafunga upya kanga yake. "Andika, mwanangu. Huko Dar si mnasomwa?"

Basi nimeandika. Anachouza sikitaji, kabila lake sikitaji, na ukienda stendi kumtafuta utawakuta akina mama wengi wanaokimbilia madirisha. Neno moja tu nimeliacha kama alivyolitamka, maana alisema mwenyewe atalielewa: mlango wa uani bado haufungwi kwa ufunguo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.