Mtoto Wetu katika Chekechea ya Sigor



Mama mmoja aliyehamia Sigor, kaunti ya Bomet, pamoja na mumewe mchuuzi, ametuletea swali. Nyumbani mwao husemwa Kiswahili, lakini katika chekechea ya umma mwalimu husomesha kwa Kikipsigis. Anafikiri amweke mwanawe wa miaka minne nyumbani, au akope fedha ampeleke shule ya kulipia inayosema Kiingereza kitupu.

Tunamsihi asifanye lolote kati ya hayo mawili. Miezi ya mwanzo itakuwa mizito, hatukatai. Lakini mtoto wa umri huo huiokota lugha mchezoni. Kiswahili hakitamtoka maadamu mamake anamsimulia hadithi na kumtegea vitendawili kila usiku. Na mama naye ajifunze kusema “Chamgei” kwa majirani, mwana amsikie. Kiingereza kitupu, asichokisikia nyumbani wala njiani, kitamfanya akariri maneno asiyoyajua maana. Tume ya Gachathi, mwaka 1976, ilikwisha kupendekeza watoto wa madarasa ya chini wasomeshwe kwa lugha ya mahali wanapoishi.

Sisi wa pwani hofu ya chekechea tunaifahamu. Wazee wetu wengi waliona chuo cha Kurani kinatosha, na watoto wakaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Mwaka 1986 ndipo ilipofunguliwa Mombasa chekechea ya kwanza ya mradi wa Madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wake wa mwanzo. Mradi ukafika Zanzibar, kisha Uganda. Dini na michezo vilikaa chumba kimoja. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya karibu visivyo na bei. (Wako wanaodhani chekechea ni kuta za rangi na sare yenye tai!)

Fedha za kukopa, basi, zibaki. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kwa hivyo mzazi wa Sigor, awe Mkipsigis au mgeni, ana haki ya kuuliza huko juu ya mshahara wa mwalimu, choo na uji wa watoto. Aende pamoja na akina mama wenzake. Mmoja peke yake huambiwa arudi kesho.