Maji ya Farasi

Katika Kongo farasi ni wachache, kwa sababu mbung'o huwaletea ugonjwa unaowaua. Lakini katika nchi za Ulaya zamani walifanya kazi nyingi: walilima, walivuta magari, walibeba watu. Hata leo wako wengi huko. Na kazi ya kwanza ya bwana wa farasi ni kumpa maji ya kutosha.

Wengine husema: «Nilimpa ndoo asubuhi, yatosha.» Hapana, haitoshi. Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi, na kwa siku hunywa lita 25 mpaka 40. Ndoo ya lita 10 ni nini kwake? Akivuta gari juani, jasho humtoka sana, naye hutaka maji zaidi. Akila majani makavu ni vilevile, maana majani mabichi yana maji ndani yake, makavu karibu hayana.

Farasi mwenye kiu hapigi kelele. Hula kidogo, mavi yake huwa magumu, kisha chakula hukwama tumboni. Tena farasi hawezi kutapika. Hulala chini, hugaagaa kwa maumivu, na pengine hufa. Yote hayo kwa kukosa ndoo tatu!

Bwana atajibu: «Kuteka maji ni kazi ngumu.» Ni kweli, kila mtoto aliyepanda kilima na ndoo kichwani anajua. Lakini farasi wa porini huenda mtoni mwenyewe. Aliyemfunga kamba ndiye aliyemtenga na mto. Basi ni juu yake kuuleta mto mpaka mlangoni, mchana na usiku, wala asimpimie maji kama chumvi. Chombo nacho kioshwe, kwani farasi hukataa maji yanayonuka. Wakati wa baridi maji ya Ulaya huganda: barafu ivunjwe. Maji yakipashwa moto kidogo, farasi hunywa zaidi.

Mjini London watu walifahamu neno hili. Mwaka 1859 kilianzishwa chama cha kuwapa watu maji safi ya kunywa njiani. Halafu chama kile kikajenga pia mabirika makubwa ya mawe kando ya njia, kwa ajili ya farasi na ng'ombe. Mwenye gari alisimama, farasi wake akanywa bure. Mabirika mengine yangaliko. Lakini farasi wamepungua sana mjini, na watu wamepanda maua ndani yake.