Ushauri si Amri

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo hupendwa sana maofisini na katika vyumba vya walimu, na ni ya kweli. Lakini imelemea upande mmoja: inamfundisha mdogo kusikia, wala haimwambii mkuu naye amsikie nani. Historia ya milima ya Uluguru inatupatia upande wa pili.

Mwaka 1950 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo. Shabaha yake haikuwa mbaya. Udongo ulikuwa ukimomonyoka, na mito ya Uluguru, Mgeta ukiwa mmojawapo, huingia katika Ruvu, mto unaoupatia maji mji wa Dar es Salaam. Wataalamu wakaagiza wananchi wachimbe matuta ya ngazi. Waliokaidi walitozwa faini.

Upande wa mashariki, huko Matombo, wakulima waliona mapema kosa ambalo mtaalamu hakuliona. Udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, na kuufunua udongo wa chini usiootesha kitu. Walisema, hawakusikilizwa. Badala yake waliambiwa kuwa ni wavivu na wakaidi. Shaka ikazaa hofu kwamba ardhi ya koo zao ingechukuliwa na wageni. Mwezi Julai 1955 ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Mpango wote ukavunjika.

Sasa tutazame Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo. Huko matuta ya ngazi yalishika, na mengi yalidumu hata baada ya amri kuondoka. Je, watu wa Mgeta walikuwa watiifu zaidi? La hasha. Wao walilima mboga kwa kumwagilia maji, na tuta lililo sawa hutuliza maji na kuhifadhi mbolea. Kabeji na karoti zilikuwa na soko, hivyo jasho la mchimbaji lilikuwa na malipo. Ushauri ulipolingana na maisha ya mkulima, mkulima aliufanya kuwa wake.

Hapa ndipo tunapotofautisha ushauri na amri. Amri humtazama mtekelezaji. Ushauri humtazama mwenye shida. Anayeamuru huanza kwa kusema, anayeshauri huanza kwa kuuliza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakanya viongozi wasiwe na kiburi na dharau, tena ukasisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika kufikiri na kupanga maendeleo yao, si katika kuyatekeleza tu. Hata hivyo, baadhi yetu tuliourithi uhuru tulirithi pia sauti ya bwana mkubwa. Bado yupo mtumishi anayepanda mlima asubuhi, akahutubia kwa saa nzima, akateremka bila kuuliza swali hata moja, kisha akaandika katika ripoti yake kwamba wananchi wameelimishwa.

Lakini haki haina upande mmoja. Kupokea ushauri nako ni kazi, tena ngumu, kwa kuwa humlazimu mtu akiri kwamba hajui yote. Mkulima anayekataa neno la bwana shamba kwa sababu tu babu yake hakulima hivyo, hana tofauti na mkoloni aliyekataa neno la mkulima kwa sababu hakulikuta kitabuni. Wote wawili wamefunga masikio, na mvua ikinyesha udongo unateremka vilevile.

Hivyo tunawakumbusha watumishi na walimu wetu wajibu huu. Kabla ya kumshauri mtu, keti naye. Muulize anafanyaje, na kwa nini anafanya hivyo. Mwalimu amwulize mzazi sababu ya mtoto kukosa masomo kabla ya kumkaripia. Ofisa apokee maoni ya karani wake bila kuona kwamba cheo kimeguswa. Na yeyote anayeshauriwa apime neno lenyewe, asimpime msemaji.

Mkuu anayesikia hapungukiwi na ukuu. Matombo mwaka 1955, aliyevunjika guu ni mkuu asiyesikia la wadogo.