Punguzeni sauti kabla ya kukopa pesa

Vijana wawili niliowahi kuwafundisha waliniletea wimbo wa bendi yao, waliourekodi chumbani hapa Kampala. Kwenye hedifoni ulipendeza. Tulipoupiga kwenye redio ya dukani yenye spika moja, gitaa lilififia na besi ikawa mngurumo mtupu. Walikuwa tayari kukopa pesa ili warudie kazi yote studio.

Mimi nasema mkopo huo haukuhitajika. Gitaa lilinaswa kwa maikrofoni mbili, moja ikawekwa kulia na nyingine kushoto. Spika moja huunganisha pande zote mbili, na mawimbi yanayopingana huuana. Tulinyamazisha maikrofoni moja, gitaa likarudi. Kisha tukaondoa sauti nzito, za chini ya hezi 100, kwenye gitaa na kinanda, tukaiachia besi na ngoma kubwa nafasi yao. Mngurumo ukapungua. Hatukuongeza chochote.

Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi ndiyo isiyo na dawa ya uhakika. Hiyo irekodiwe upya, kwa kiwango cha chini.

Sisi tuliosomea uhamishoni tunajua wimbo hauna mpaka. Philly Lutaaya alirekodi "Born in Africa" akiwa Sweden, na Uganda ikaupokea. Wa vijana hawa utavuka Busia na Malaba, upigwe vibandani. Basi ndugu zangu, usikilizeni kwanza kwenye redio ya kibandani, ndipo mfikirie mkopo.